Mwandishi wa Sokwe na Boti ya Baba

Siku ile uani kwetu Ujiji tulikuwa sita. Mimi, Zainabu, mkubwa wa nyumba, umri wangu miaka kumi na mitatu. Issa aliyenifuata, ameinama akikata magurudumu ya kigari chake kutoka kwenye kandambili iliyochakaa. Tatu, pengo mbele, ambaye kazi yake siku hizo ilikuwa kuuliza. Yahaya, kitinda mimba, mgongoni kwangu ndani ya mbeleko. Bibi yetu mzaa baba, juu ya mkeka, sikio moja linasikia na jingine limekwisha. Na Mwandishi, amekaa kwenye kigoda chetu cha jikoni, daftari juu ya magoti. Mama Stela, jirani yetu, hakuwepo. Alikwenda Katonga kununua dagaa. Angekuwepo, nisingefungua mdomo.

Nimewataja wote kwa sababu wanaojua kilichosemwa pale wamebaki wachache kuliko nilivyodhani. Bibi tulimzika zamani. Issa na Tatu ukiwauliza watakumbuka biskuti alizoleta mgeni, na jinsi jogoo alivyomnyang'anya Tatu ya kwake. Yahaya alikuwa amelala. Na Mwandishi, nimeambiwa mwezi uliopita, amefariki.

Aliyeniambia ni Yahaya mwenyewe. Siku hizi ni mwalimu wa sekondari huko Kasulu, anavaa miwani, na wanafunzi wake wanampa shikamoo mpaka sokoni. Alikuja likizo akanikuta nachemsha mawese uani, moshi umenijaa machoni. Akaweka vitabu vitatu juu ya ndoo iliyofunikwa, mbali na mafuta.

"Dada, yule mama mwandishi ametutoka. Wametangaza redioni, wamemsifu nusu saa nzima."

Nikaendelea kukoroga. Vitabu nilivijua kwa rangi. Cha kijani ni cha sokwe wa misitu ya kwetu. Cha bluu ni cha boti iliyozama. Cha kahawia ni cha misafara ya zamani, pembe na watumwa waliopitishwa Ujiji yetu hii kwenda pwani.

"Mtu mmoja kaandika mambo matatu wapi na wapi," akasema Yahaya. "Wanyama, ajali, historia. Wanafunzi wangu wanavigombania. Najua cha bluu kinakuuma. Kinamuuma kila mtu wa nyumba hii. Lakini ukweli ni ukweli, dada. Baba aliongeza watu. Yule mama alikuwa mkweli."

Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni mpaka mbeleko ikaniachia alama begani. Nilimtazama, nikatazama sufuria. Nikamwambia, "Sogea, mafuta yatakurukia." Sikumwambia zaidi ya hayo.

Lakini tangu siku hiyo harufu ya mawese yanayochemka inanirudisha kulekule, kwa sababu ndiyo harufu iliyokuwa uani siku Mwandishi alipoingia kwetu mara ya kwanza.

Mama yetu alifariki akimzaa Yahaya. Miezi michache baadaye boti ya baba ikazama. Baba alikuwa nahodha wa boti ya mbao iliyopeleka watu na mizigo vijiji vya kusini. Walikufa wengi. Baba alipatikana siku ya tatu, tukamzika. Stela, binti wa pekee wa Mama Stela, hakupatikana kamwe. Mimi nilikuwa darasa la sita. Mwalimu mkuu alimtuma mtu kuuliza kama nitarudi, Bibi akasema nitarudi Yahaya akianza kutembea. Yahaya alipotembea, Tatu akaugua. Ikawa hivyo mpaka ikaacha kuulizwa.

Aliyetushika mkono ni Mama Stela. Alikuwa mtu wa Kalinzi, Mkristo, aliolewa Ujiji akabaki mjane humu humu. Kila mchana aliingia na bakuli la ugali wa muhogo, hakubisha hodi, akasema, "Kuleni, msinitazame." Na kila Ijumaa asubuhi alichukua ufagio wake akaenda makaburini kwetu, yeye Mkristo, akafagia kaburi la baba. Watu walimshangaa. Siku moja nilimfuata. Nilimkuta ameinama, anafagia na kuongea kwa sauti ya kawaida kama anayeongea na mtu wa dirisha la pili: "Nahodha, umwambie Stela nimeuza yale majani ya chai. Umwambie kile kitenge chake nimekihifadhi." Hakuwa na kaburi la binti yake. Kwake, Stela alikuwa safarini na baba, na baba ndiye mwenye kujua aliko. Aliponiona hakuona haya. "Ego, mwanangu," alisema, akimaanisha ndiyo, ni kama unavyoona. "Nani mwingine nimuulize?"

Ndipo Mwandishi akaja. Mtaa mzima ulijua amekuja kuandika kitabu cha ajali. Watu wengine aliwahoji mara moja akamaliza. Sisi hakutuhoji. Wiki ya kwanza alikuja, akaamkia, akakaa. Hakuuliza lolote. Alichambua mchele na mimi. Alinisuka nywele mistari minne iliyonyooka, mikono yake ikinukia sabuni ya waridi, na mimi tangu mama afariki hakuna aliyenishika kichwa isipokuwa kunisukuma. Bibi alimtilia shaka.

"Huyu mzungu anataka nini?"

"Si mzungu, Bibi. Ni mtu wa Dar."

"Ndiyo nilivyosema. Kwao hakuna watu wa kuandika?"

Issa alimpa jina la Mama Kalamu. Tatu alimuuliza kama ana mume, kama mumewe ana ndevu, na kama ndevu hizo zinaandikwa kwenye kitabu. Alicheka mpaka akafuta machozi. Ninakumbuka kicheko chake vizuri, nami sidhani kilikuwa cha uongo. Nikisema nilisalitiwa simaanishi alikuwa mtu mbaya anayejifanya mwema. Ingekuwa hivyo ningeshamsahau.

Wiki ya pili alileta kitabu cha kijani, kile cha sokwe, akatusomea. Tulikaa tumemzunguka. Alieleza jinsi alivyokwenda msituni kila siku miezi mingi, anakaa chini, hatazami moja kwa moja machoni, hanyooshi kidole, mpaka sokwe wakamchukulia kama jiwe au kisiki. "Ukiwa na haraka wanakimbia," alisoma. "Ukikaa, wanakuzoea. Wakikuzoea, wanaishi mbele yako kama hupo." Akatusomea habari za sokwe jike mdogo ambaye mama yake alikufa akaacha kichanga, na yule dada akakibeba kichanga mgongoni, akakitafutia matunda, akalala nacho kwenye kiota kimoja.

Issa akaninyooshea kidole. "Huyo ni Zena! Zena sokwe!"

Tatu akaanza kujikuna kwapani na kuruka uani. Hata Bibi alicheka, ingawa sidhani kama alisikia. Mimi sikukasirika. Niliona fahari. Nilidhani kitabu kimeniona kabla sijazaliwa. Nilimwomba anisomee tena kipande kile, akanisomea mara tatu, nami nikakishika kwa moyo. Sikuuliza yule dada sokwe alijisikiaje kutazamwa. Nilikuwa mtoto. Nilidhani kutazamwa kwa muda mrefu namna ile ndiko kupendwa.

Lazima nieleze na kosa langu jingine, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilisema. Kwetu, hitima inaposomwa, watu huandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi wakampa shehe, naye huyataja yote kwenye dua. Mtu akisahaulika kwenye karatasi, familia huhangaika, hukimbia kumwongeza. Mimi nilidhani kitabu cha Mwandishi ni karatasi kama hiyo, ila kubwa. Nilidhani ataandika majina ya waliozama na wema wa kila mmoja, na kila atakayekisoma, hata awe Mwanza au Tanga, atakuwa amewaombea. Nikaona majirani wametoa mema ya watu wao. Baba yangu hakuwa na mtu wa kumtolea lake isipokuwa mimi. Na mimi nilikuwa na jema moja lake nililoliona kwa macho yangu, kubwa kuliko yote, na sikuwa nimemwambia mtu.

Basi siku hiyo, sita sisi uani, Mama Stela yuko Katonga, nikaanza mwenyewe bila kuulizwa.

"Nikwambie wema wa baba?"

Mwandishi hakuinua kichwa haraka. Alifunga kifuniko cha kalamu, akakifungua tena. "Niambie, mwanangu."

Nikamwambia. Asubuhi ya safari nilimpelekea baba chakula mwaloni, pale ufukweni boti zinapopakia, viazi na samaki wa kukaanga. Nikamkabidhi, akaondoka. Boti ilikuwa imeshafika mbali, watu wameshakuwa vichwa tu, Stela akaja mbio, mfuko kichwani, amechelewa. Alikuwa anakwenda kwa shangazi yake kusaidia harusi. Nyuma yake watu watatu wengine wamechelewa pia. Stela akakaa mchangani akalia kama mtoto. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne, alinifundisha kuruka kamba, na sikuwahi kumwona akilia.

Sasa mimi na baba tulikuwa na alama yetu. Baada ya mama kufariki baba alikuwa na hofu kwenda ziwani akituacha na kichanga. Akanipa kanga ya mama, ile ya njano yenye korosho nyeusi, akaniambia, "Kukiwa na shida nyumbani, panda kwenye jiwe lile uipepee. Nikiiona nitarudi, hata niwe nimefika wapi." Siku hiyo nilikuwa nimembebea Yahaya kanga hiyohiyo. Nikamfungua Yahaya, nikampakata, nikapanda jiweni, nikaipepea.

Boti ikageuka.

Ilichukua muda mrefu kurudi. Baba aliruka majini kabla haijagusa mchanga, akaja mbio, uso umembadilika. "Yahaya? Yahaya ana nini?" Nikamwambia, "Hana kitu, baba. Stela ameachwa." Akanitazama. Nilidhani atanizaba kofi. Abiria botini walianza kupiga kelele, mmoja akasema, "Nahodha, unaendeshwa na kanga ya mtoto?" Wengine wakacheka. Baba akavuta pumzi, akamnyang'anya Stela mfuko, akambeba mwenyewe mpaka botini ili asilowe gauni la harusi. Akawachukua na wale watatu. Akaniambia, "Usinifanyie hivi tena, umenikata miguu." Halafu akanishika shavu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, nami niliyatoa kwa Mwandishi kama zawadi.

"Kwa hiyo alirudi kwa sababu ulimwita," alisema Mwandishi.

"Ndiyo. Nahodha mwingine asingerudi. Baba alirudi."

Aliandika kwa muda. Kisha akauliza mambo madogo madogo kwa sauti ileile ya kuchambua mchele. Boti ilikuwa imejaa kiasi gani? Maji yalifika wapi ubavuni walipopanda wale wanne? Jua lilikuwa wapi walipoondoka tena? Nilijibu yote. Nilisimama nikamwonyesha kwenye ukuta, kwa kipande cha mkaa, mahali maji yalipofika. Nilikuwa na macho mazuri na kumbukumbu nzuri, na nilitaka aone kuwa sikosei.

Alipoondoka Kigoma alinikumbatia, akasema ataniletea kitabu kwa mkono wake. Sikukipata kwa mkono wake. Kilitangulia kufika kwa watu wa kijiweni, wanaokunywa kahawa karibu na msikiti, na hapo kilisomwa kwa sauti, jioni hadi jioni, mpaka wakafika ukurasa wa boti kugeuka.

Ninaujua ukurasa huo kama ninavyolijua jina langu. Unasema kwamba baada ya kuondoka mwaloni ikiwa tayari imejaa, boti ilirudi ufukweni, na nahodha akaongeza abiria wanne. Unasema kwamba muda uliopotea uliwafanya wakutane na upepo katikati ya maji badala ya kuwa wameshapita rasi. Unasema kwamba uzito ulioongezeka ulishusha ubavu wa boti hadi kiasi fulani, na kiasi hicho ni kile nilichochora mimi kwa mkaa. Halafu unauliza, kwa lugha nzuri sana, ni mara ngapi ziwa hili limewalipisha watu kwa tamaa ya nauli. Hakuna kanga. Hakuna jiwe. Hakuna mtoto aliyempakata mdogo wake. Hakuna mtu aliyekuja mbio majini akiuliza Yahaya ana nini. Palipokuwa na baba yangu pamebaki nahodha.

Issa alirudi siku hiyo mdomo umepasuka. "Wameniita mtoto wa muuaji," alisema, na Tatu akauliza muuaji ni nani. Wanawake kisimani walipunguza sauti nilipofika. Bibi alipoelezwa, kwa sikio lile linalosikia, aliweka kikombe chake cha chai chini, bado kinafuka moshi. Kisha akasema neno moja tu: "Nani alimwambia boti iligeuka?" Waliokuwa botini na wakaona wamekufa, na wachache waliookoka walikuwa wa vijiji vya kusini, hawakurudi kwetu. Mwaloni asubuhi ile tulikuwa mimi na watu wa kupakia mizigo waliokwisha kuondoka. Nikasema, "Sijui, Bibi." Nilijifunza siku hiyo kwamba mtu anaweza kusalitiwa asubuhi, na yeye mwenyewe akasaliti kabla chai haijapoa.

Mama Stela alisomewa ukurasa ule na mtu wa kanisani kwake. Siku iliyofuata nilikaa mlangoni nikingoja, nikijua hatakuja. Alikuja. Mchana uleule, bakuli lilelile, bila hodi. "Kuleni, msinitazame." Alimfuta Yahaya makamasi kwa upindo wa kitenge chake. Nilidhani basi, amesamehe, au hajaamini. Ijumaa ikafika. Nilisimama dirishani nione ufagio. Alitoka, akafagia mbele ya nyumba yake, akarudi ndani. Ijumaa iliyofuata vilevile. Majani yakaanza kuota juu ya baba. Hakusema neno baya, si mbele yetu wala nyuma yetu. Ila hakuwa tena na wa kumuuliza habari za Stela, na hilo ndilo nililomfanyia. Nilimnyang'anya mtu wa kuongea naye.

Nikachukua ufagio wa nyumbani, nikaenda mwenyewe, na sijaacha mpaka leo. Lakini mimi ninafagia tu. Sijui kuongea na kaburi.

Mwandishi alirudi baada ya miaka mitatu. Safari hii alikuja kwa ajili ya kitabu cha kahawia, akiwahoji wazee wa Ujiji habari za misafara, nani alileta nani, nani alimuuza nani. Nilikuwa naanika dagaa mchangani, nimekuwa mrefu. Alinitambua kabla sijainua uso. Akakaa chini kwenye mchanga, mbali kidogo, hakuniangalia moja kwa moja. Na nikajua anafanya nini. Ndiyo mara ya kwanza nilipokielewa kile kitabu cha kijani, maneno yake yote.

"Usikae hivyo," nikamwambia. "Simama uniulize kama mtu."

Akasimama, akajipangusa mchanga. Alikuwa amezeeka kidogo. "Umekasirika, Zena."

"Mbona hukuandika kwamba mimi ndiye niliyemwita?"

"Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ningeandika kwamba mtoto alipepea kanga, ungeishije mtaa huu? Nilikulinda, mwanangu."

"Na baba?"

"Baba yako hayupo. Hayamuumizi."

Wanawake wawili waliokuwa wakianika dagaa zao karibu nasi walikuwa wameacha kazi wanatusikiliza. Nilipunguza sauti. "Mimi ni Zainabu Ramadhani. Mdogo wangu anaitwa Issa Ramadhani. Tatu Ramadhani. Mtoto akiandikishwa shule anaulizwa jina la baba. Nani kakwambia hayupo?"

Nitampa haki yake: machozi yalimlenga. Akasema kwamba kitabu kikichapishwa upya anaweza kuongeza. Akafungua mkoba, akatoa daftari, akauliza kama niko tayari jina langu liwekwe, na habari yote ya kanga. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo.

Nikafikiria Mama Stela akisomewa ukurasa huo na mtu wa kanisani. Nikafikiria bakuli la mchana. Tatu alikuwa anasoma kwa daftari alizonunuliwa na Mama Stela. Yahaya alikuwa anamwita mama, mama tupu, bila Stela nyuma yake. Nikaona kuwa habari ile haiwezi kumfikia kwa kitabu. Ingebidi itoke mdomoni mwangu kwanza, nikiwa nimekaa mbele yake.

"Usiandike," nikasema. "Nitamwambia mwenyewe mwenye kustahili kuambiwa. Nikishamwambia nitakutafuta, uandike."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Akaondoka kwenda kwa wazee wake. Kitabu cha kahawia nimekisoma baadaye, chote. Ni kizuri, kinasikitisha. Kuna sura moja anaandika habari za msichana aliyeuzwa na watu waliomlea, na anasema kwamba kinachobaki katika kumbukumbu za walioachwa si yule mnunuzi aliyetoka mbali, ni mkono wa nyumbani uliomshika wakati wa kufungwa. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikajiuliza kama aliandika sentensi hiyo kabla ya siku yetu mchangani au baada yake. Sikumtafuta kumuuliza. Sikuwa nimetimiza sehemu yangu, kwa hiyo sikuwa na uso wa kumtafuta. Sasa amefariki, na ule ukurasa hauna tena mtu wa kuurekebisha. Aliyebaki wa kuambiwa ni mmoja, na wa kusema ni mmoja.

Miaka imepita mingi kuliko nilivyokusudia. Kila mara palikuwa na sababu. Bibi anaumwa. Issa anaoa, Mama Stela ndiye anayesimama kama mama. Tatu anajifungua, Mama Stela ndiye anayemkanda. Yahaya anafaulu, Mama Stela anapiga vigelegele mpaka sauti inakauka. Ningeweza kusema siku yoyote kati ya hizo. Nilichoogopa wakati ule ni njaa ya wadogo zangu. Wadogo zangu wameshiba zamani, na bado naogopa, kwa hiyo haikuwa njaa peke yake.

Juzi nilikwenda kwake. Miguu haimbebi siku hizi, anashinda kwenye kiti chenye mto mlangoni. Kila Jumatano namkata kucha, kwa sababu hafiki tena chini. Watu hupita wakasema mtoto wa kumzaa asingefanya hivi, naye huwajibu, "Ego, huyu ni wangu." Nilimpa habari.

"Yule mwandishi amefariki, mama."

"Yupi? Wa sokwe?"

"Wa sokwe. Na wa boti."

Alitazama barabarani, mahali ambapo vijana wawili walikuwa wanabishana juu ya pikipiki iliyokataa kuwaka. "Alikula ugali wangu yule," akasema mwishowe. "Mungu amlaze. Aliandika alichoambiwa."

Mkasi ukasimama mkononi mwangu. Nikainua uso. Macho yake yana ukungu sasa, sikuweza kuona kama yananitazama mimi au pikipiki.

"Mama Stela," nikasema.

"Nakusikia."

Nilikuwa nimeshika kidole chake kikubwa cha mguu wa kulia. Kilikuwa cha baridi. Maneno nilikuwa nayo, yamepangika, nimeyapanga tangu mchangani. Ilikuwa kazi ya pumzi moja tu. Niliivuta.

"Ulitaka kusema nini, mwanangu?"

"Nimesahau, mama."

"Ukikumbuka utaniambia. Niko hapa, siendi mbali."

"Nitakuambia."

Nikahamia mguu wa kushoto.